Sungura wetu iko na miaka ngapi?

LUPANGONI KWETU

Mama mumoja wa Kolwezi ametuandikia hivi: «Jirani yetu alihama, akamwachia mutoto wangu wa miaka 9 sungura wake. Hakutuambia umri wake. Bwana yangu anasema huyu ni muzee, maana tangu miezi 4 haongezi kilo. Afazali aingie mu chungu mbele hajafa bure. Mutoto analia, anasema iko angali mudogo, atakua. Na mimi niliahidi: akizaa, tutauzisha watoto wamoja tununue madaftari ya masomo. Watu wa kambi nao wanasema ni mutoto wa kalulu wa pori, ndiyo sababu hakue. Nani anasema kweli?»

Mama, asante kwa barua, na zaidi asante kwa kutuandikia alama zake: manyoya rangi ya kalulu, mukanda mweupe ku mabega, alama nyeupe kati ya macho, miguu ya mbele myeupe. Kilo 2 na grama 300 ku mizani ya muuza samaki. Makucha yanatoka inje ya manyoya. Ngozi inaninginia chini ya kidevu sawa kamufuko. Kwa hayo tunaweza kukata maneno.

Tuanze na kalulu, maana hiyo ni rahisi. Kalulu wa hadisi zetu na sungura wa kibanda hawazai pamoja hata kidogo. Mutoto wa kalulu anazaliwa na manyoya, macho wazi. Mutoto wa sungura anazaliwa uchi, macho yamefunga, na yanafunguka yapata siku ya 10 mpaka 12. Wazee wa sungura wetu walitoka Ulaya. Rangi ya kalulu ni rangi tu.

Sasa neno kubwa: usiulize miaka mbele ya kuuliza kabila. Wengi wanakosa hapa. Twaa sungura watatu wenye kilo 2 na nusu yapata. Wa kwanza ni ule mweupe wote wenye macho mekundu, New Zealand (jina lisikudanganye, alitengenezwa Marekani). Mukubwa wake anafika kilo 4 na nusu ao 5. Basi huyu, kama anakulaka muzuri, ni mutoto wa miezi 3 hivi. Wa pili ni wa kabila la Flandre, kule Ubelgiji, anayepita kilo 6: huyu naye ni mutoto kabisa. Wa tatu ni yule mudogo wa Uholanzi, mwenye mukanda mweupe ku mabega, uso wenye alama nyeupe na miguu myeupe. Huyu amekwisha kukua! Hatapita pale. Uzito ni mumoja, lakini umri si mumoja.

Umeona, Mama? Mukanda ule unatuambia kwamba sungura wako iko na damu ya kabila la Uholanzi. Hatusemi ni wa kabila safi. Mu makambi yetu sungura karibu wote wamechanganyika, na rangi peke yake haitoshi. Lakini rangi na kilo zikipatana, ushuhuda unakuwa na nguvu. Ndiyo sababu hazidi kukua: si uzee, si ugonjwa, ni kabila.

Na umri wenyewe? Kwa mbuzi tunafungua kinywa na kuangalia meno. Kwa sungura njia ile haifai, maana meno yake yanaota siku zote za maisha, na anayasaga kwa kutafuna majani. Tuite mashahidi wengine.

Makucha: kwa mutoto ni mafupi, makali, yamefichama mu manyoya. Kwa mukubwa yanatoka inje. Kwa muzee yanakuwa manene, yanapinda, na ngozi yake ni ngumu. Lakini angalisho! Mimi mwenyewe nilinunua sungura mume ku soko, makucha mafupi sawa ya mutoto. Nilifika nyumbani, nikavaa miwani: yalikatwa na kisu. Nilikuwa nimenunua babu.

Visigino: geuza miguu ya nyuma. Kwa kijana manyoya yamejaa. Kwa muzee, zaidi kama alikaa sana juu ya waya ao sima, pahali pale panabaki ngozi tupu, ngumu. Hii nayo inaweza kudanganya, maana kibanda kibaya kinaumiza hata kijana.

Kidevu: ule mufuko unaonekana kwa sungura muke aliyekomaa. Si kila muke wa kabila dogo anaupata, lakini kama uko, si mutoto tena. Hata hivi hakikisha chini ya mukia, ukifinya polepole: kwa muke ni mupasuko, kwa mume ni kitu cha mviringo kinachotoka.

Shahidi mumoja hatoshi kwa kuhukumu. Na kisha sungura kukomaa, hakuna mutu anayeweza kusema «miaka 2 na miezi 3» kwa kuangalia tu. Akisema, anakudanganya.

Basi hukumu yetu ni hii. Sungura wako ni muke, amekomaa, ana zaidi ya miezi 6. Kama visigino vingali na manyoya na makucha hayajapinda, si muzee. Baba alikosa, mutoto alikosa pia: hatakua tena, lakini anaweza kuzaa. Na Baba asiogope kwamba atakufa kesho, maana sungura anayetunzwa muzuri anaweza kufika miaka 8 na zaidi.

Umupeleke kwa mume asiye mukubwa sana, wakati wa baridi ya asubuhi. Muke ndiye anayepelekwa mu kibanda cha mume, hapana mume kwa muke, maana muke anapigania nyumba yake. Hesabu siku 31. Siku ya 28 umutilie kisanduku chenye majani makavu. Atang'oa manyoya yake mwenyewe kwa kutandika. Usitazamie watoto 10: kwa kabila dogo 4 ao 5 ni neema. Uwaache na mama mpaka wiki 6 hivi mbele ya kuuzisha. Kama anapelekwa mara nyingi na mimba haishiki, angalia kama hakunenepa kupita. Tena kisha miaka 3 uzazi unapunguka. Pale Baba na mutoto wazungumuze upya, wote wawili wakikaa chini.

Neno la mwisho ni kwa mutoto. Siku watoto wanazaliwa, twaa kipande cha makala, andika tarehe ku mulango wa kibanda. Kila anayenunua, umupe tarehe yake ku karatasi. Ndivyo kwake hapatakuwa palaver, na sisi tutapunguziwa barua moja.

Wewe msomaji, una ulizo juu ya nyama wa lupango lako? Utuandikie, na usisahau kutaja kilo.