Taka, Vijidudu na Umeme: Je, Kiswahili Kinyamaze?

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kila ninapowasikia wenzetu wakidai kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na riwaya tu, na kwamba sayansi mpya haina pa kukaa ndani yake. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Nitautetea kwa mada ambayo wengi wataiona ngeni: kuunda asidi za mafuta zenye thamani kutokana na taka za vyakula, kwa kutumia vijidudu na umeme.

Tuanzie minazini. Tembo analoliteremsha mgema asubuhi ni tamu. Likikaa, huwa kali. Likisahaulika, huchacha na hatimaye kuwa siki. Katika safari hiyo, hamira za asili zimegeuza sukari kuwa kileo, kisha bakteria wakisaidiwa na hewa wakageuza kileo kuwa asidi ya siki. Mswahili hakungoja maabara ndipo ayatambue mabadiliko haya. Kutokana na mzizi mmoja alikuwa tayari na chacha, chachu, chachua na uchachuaji.

Sasa tusonge hatua moja mbele. Yuko bakteria aitwaye Clostridium kluyveri, aliyepewa jina la mwanasayansi Mholanzi A. J. Kluyver. Bakteria huyu huishi pasipo hewa. Akipewa kileo na asidi ya siki, yaani vitu vile vile vipatikanavyo tembo linapochacha, huviunganisha. Asidi ya siki ina kaboni 2. Yeye huirefusha ikawa na kaboni 4, kisha 6. Hiyo ya kaboni 6 ndiyo asidi ya kaproiki. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi, kwa kuwa harufu yake humkumbusha mtu zizi la beberu. Hata hivyo, tusiikimbie kwa sababu ya harufu. Asidi hii hutumika katika utengenezaji wa vionjo na manukato, na huongezwa katika vyakula vya mifugo ili kudhibiti bakteria waharibifu. Aidha, haiyeyuki kwa wingi majini, hivyo ni rahisi kuitenga kuliko siki. Kwa kawaida asidi za jamii hii hupatikana katika mafuta ya nazi na ya kokwa za mawese. Anayezipata kutokana na taka hahitaji kufyeka msitu ili apande michikichi.

Umeme unaingia wapi? Kurefusha mnyororo wa kaboni kunahitaji elektroni, na kwa kawaida kileo ndicho kizitoacho. Lakini kileo kina gharama. Mnamo mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walionyesha kuwa bakteria aitwaye Sporomusa ovata anaweza kupokea elektroni moja kwa moja kutoka kwenye kathodi na kuigeuza hewa ya kaboni kuwa asidi ya siki. Baadaye watafiti nchini Uholanzi walionyesha kuwa mchanganyiko wa vijidudu ukiwekwa kwenye kathodi huweza kuirefusha asidi ya siki hadi ikawa kaproiki. Kwa ufupi, umeme huwa chakula cha kijidudu.

Haifai kutia chumvi. Kazi ya namna hii ya umeme ingali kwa sehemu kubwa maabarani. Mwendo wake ni wa polepole, na vijidudu vinavyotengeneza methani hupenda kunyang'anya chakula cha wenzao. Vilevile, umeme ukitokana na makaa ya mawe, faida kwa mazingira hupungua. Hapa Kenya tuna nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Malighafi nayo tunaiona kila siku katika masoko ya Marikiti na Kongowea: kabeji zilizooza, maganda ya ndizi na maembe yaliyopondeka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Swali ni hili: zikishatengwa, zitafanywa nini?

Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la haki. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi, na imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Siku mradi wa aina hii utakapopelekwa mbele ya wachuuzi na waokotaji taka, nao wakaelezwa kwa istilahi wasizozielewa, watapiga makofi bila kujua wameridhia nini. Watashindwa kuuliza bei, harufu, hatari, wala fungu lao.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya wanakemia. Sikubaliani nao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, msingi ulikwishawekwa. Kilichobaki ni kuujengea. Kwa nini tusiseme uchachuaji-umeme, au urefushaji wa mnyororo? Istilahi hizi huenda zikakosolewa na wajuzi, na ni heri zikosolewe kuliko zisiwepo kabisa.

Ninawahimiza wanachama wenzangu wavuke ua wa Kitivo cha Fasihi na Isimu, waende maabara za jirani, waulize, kisha waandike. Wahadhiri wetu nao wakubali tasnifu za namna hiyo. Usione vyaelea, vimeundwa. Na lugha ya sayansi nayo huundwa na wenyewe.