Pikipiki itafika Mwanza. Karatasi zako je?

Kila steji ya bodaboda kutoka Pap Onditi hadi Kondele siku hizi ina kijana mmoja anayepanga kuvuka mpaka kwa pikipiki. Ukimuuliza anaenda wapi, leo ni Kigali, kesho ni Cape Town. Simuoni mwendawazimu hata kidogo. Mwaka 2022 Kunle Adeyanju wa Nigeria aliendesha pikipiki kutoka London hadi Lagos kwa siku 41. Mwaka 2024 Mnigeria mwenzake, Ebaide Udoh, aliondoka Mombasa peke yake, yeye na pikipiki yake, akalikata bara hadi Lagos. Video umeziona kwenye simu yako. Mimi pia.

Kwa hivyo sitakwambia uache. Wa kukwambia uache ni wengi, na kiongozi wao ni mamako. Ninachosema ni kwamba unaipanga safari hii ukianzia upande usiofaa. Unaanza na tairi, jaketi na kamera ya kufunga kwenye helmeti. Lakini safari ya namna hii haiharibikii barabarani sana. Inaharibikia kwenye dirisha la ofisa, saa nne asubuhi, jua kali, anapokuuliza kwa upole kabisa: hii pikipiki ni ya nani?

Kabla hatujafika kwa huyo ofisa, tupunguze umbali kwanza. Cape Town itakungoja. Ukiwa Pap Onditi una safari ya kimataifa mlangoni pako na wala huioni kwa sababu umeizoea: zunguka ziwa. Toka Katito, Ahero, Kisumu, panda Maseno hadi Busia. Ingia Uganda, vuka Nile pale Jinja, kwepa katikati ya Kampala, shuka Masaka hadi Mutukula. Hapo unaingia Tanzania: Bukoba, Biharamulo, Geita, kisha Mwanza. Kutoka Mwanza fuata barabara ya Musoma hadi Sirari, urudi Kenya kupitia Migori, Homa Bay na Kendu Bay, na unaingia Pap Onditi kwa upande wa pili, kama mtu aliyetoka tu kununua samaki.

Ni kilomita 1,500 na ushei. Nchi tatu, lugha zaidi ya kumi njiani, na ikweta unaivuka mara mbili, Maseno ukienda na Kayabwe, kati ya Kampala na Masaka, ukirudi kusini. Ziwa lenyewe litabadilisha jina: hapa kwetu ni Nam Lolwe, kwa Waganda ni Nalubaale. Stanley alilizunguka kwa mashua mwaka 1875 akaandikwa vitabuni, na wavuvi waliomwona akipita wala hawakushangaa maji yao yalikuwa na mwisho.

Faida nyingine, ambayo wanaoota Kigali huisahau: Kenya, Uganda na Tanzania zote zinaendesha kushoto. Rwanda wanaendesha kulia. Ukivuka Gatuna umechoka, jioni, na mkono wako umezoea kushoto, hiyo ni hatari ya bure kwa safari ya kwanza.

Na tangu Juni 2025, kipande kilichokuwa kinakula muda kimekwisha. Kutoka Geita kwenda Mwanza zamani ulisubiri kivuko pale Busisi. Sasa kuna Daraja la Kigongo-Busisi, lililopewa jina la John Magufuli, kilomita tatu juu ya maji. Hata kama huendi popote, lile daraja peke yake ni sababu.

Usiniambie huna pikipiki kubwa. Ile ya cc 150 unayobebea abiria na magunia ya mchele wa Ahero inaweza. Itaenda polepole, na polepole ndiyo salama yako. Ikitunzwa inakula lita moja kwa kilomita arobaini hivi, kwa hivyo ziwa zima ni kama lita 40 za petroli. Hata ukihesabu shilingi 200 kwa lita, ni Sh8,000. Che Guevara na rafiki yake Granado waliondoka Argentina na Norton ya cc 500, na ikawafia Chile, safari haijafika nusu. Ukubwa wa injini si hoja. Beba tyubu, cheni, plagi, waya wa klachi, na ujue kuvibadilisha mwenyewe. Plagi haiulizi kama una fundi rafiki yako Katito.

Sasa turudi kwa ofisa.

Vijana wengi tunaoendesha pikipiki hatuna pikipiki. Tuna mkopo wenye magurudumu mawili. Logbuku ina jina lako na la kampuni iliyokukopesha, au la kampuni pekee mpaka umalize kulipa. Ndani ya fremu kuna kifaa cha kufuatilia, na kampuni zingine zinaweza kuzima injini zikiwa ofisini kwao. Ukikaa Nyakach maisha yako yote hilo halikusumbui. Siku unapofika Busia ndipo unagundua kwamba mbele ya forodha wewe ni mtu aliyeshika mali ya mwingine anayetaka kuitoa nchini.

Unahitaji barua. Barua rasmi ya kampuni, yenye namba ya pikipiki, namba ya kitambulisho chako, nchi unazokwenda na tarehe ya kurudi, ikiwa na muhuri, na ikiwezekana imethibitishwa na wakili. Na uulize waziwazi kifaa chao kitafanya nini pikipiki ikionekana Masaka. Usikubali jibu la mdomo la kijana wa kitengo cha mauzo. Anataka kukufurahisha tu.

Hapa nina ugomvi na kampuni hizi zote kwa jumla. Matangazo yao yamejaa vijana wanaotabasamu na maneno ya kujitegemea. Lakini mteja aliyelipa kila wiki kwa mwaka mzima bila kukosa akiomba ruhusa ya siku kumi, anatazamwa kama mwizi. Naielewa hofu yao. Pikipiki ikivuka mpaka bila rekodi, kuipata ni kazi kubwa. Lakini ndiyo maana barua ni nzuri kwao pia: inayovuka kwa barua ina rekodi Kenya, Uganda na Tanzania. Inayopita njia ya panya haina rekodi popote. Wakiweka utaratibu ulio wazi, na ada ndogo, na masharti ya mwaka mmoja wa malipo safi, hawapotezi kitu. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutekelezwa Julai 2010. Limekuwepo tangu wengi wetu tukiwa shule ya msingi, na bado kwa kijana mwenye mkopo linaishia kwenye geti la Busia.

Na tafadhali, hiyo njia ya panya usiifikirie. Busia utaonyeshwa, tena na watu wenye heshima zao, wakikwambia unaokoa saa mbili. Ukipita huko pikipiki yako imekuwa magendo. Polisi yeyote Iganga au Mukono akiuliza kibali cha muda cha forodha na huna, hapo umempa mtu mwingine pikipiki, na mkopo utaulipa ukitembea kwa miguu. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Foleni ipo, lakini si ile ya wazee wetu. Kibali unachopewa kina tarehe ya mwisho. Iandike mahali utakapoiona kila asubuhi.

Kuna kitambulisho pia. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, hiyo ipo tangu 2014. Wengi wanasimama hapo wakidhani Afrika Mashariki yote iko hivyo. Siyo. Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kwa hivyo kitambulisho kitakufikisha Kampala kikiringa, kisha Mutukula kitakurudisha.

Halafu zile kadi mbili za njano, ambazo watu huchanganya mpaka unacheka. Moja ni ya mwili wako: chanjo ya homa ya manjano. Unadungwa mara moja, kadi ni ya maisha, lakini inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Yule jamaa wa mpakani anayeuza kadi bila sindano anakuuzia karatasi na ugonjwa. Ya pili ni ya pikipiki: Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kulipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine nje ya nchi. Unaipata kupitia kampuni iliyokukatia bima ya hapa nyumbani, na inatumika Uganda na Tanzania. Sasa angalia bima yako ya nyumbani. Wengi tunalipa ya mwezi mmoja mmoja. Ikiisha ukiwa Geita, ile ya njano haina kitu cha kushikilia.

Nimesema petroli ni Sh8,000. Usishangilie mapema. Panga siku tisa, usizidishe kilomita 250 kwa siku, usiendeshe usiku. Ukijiwekea Sh1,500 kila siku ya kula na kulala gesti, hiyo ni Sh13,500. Ongeza pasipoti, chanjo, bima, sevisi ya pikipiki. Ambacho hakuna anayekiandika kwenye bajeti ni zile siku tisa ambazo hukubeba abiria. Kama kawaida unaingiza Sh700 kwa siku, hizo ni Sh6,300 ambazo hazikuja, na mkopo haujui uko likizo. Wa Sh400 kwa siku utadai Sh3,600 yake palepale. Kama kuna watoto au wazazi wanaokula kutokana na ile pikipiki, hela yao ya siku tisa inaachwa nyumbani kabla ya tanki kujazwa. Kama huwezi kuiacha, basi huwezi kwenda mwaka huu, na hilo nalisema bila kukudharau.

Njia niliyoona ina akili ni ya chama. Watu wanne wa steji moja, kila mtu anaweka kidogo kidogo kwa miezi minane, na mmoja wenu awe anajua ufundi kweli, si yule wa kufungua karabureta na kubakiwa na skurubu mbili mkononi. Mkiwa wanne hata gesti inakuwa rahisi, na mmoja akianguka kuna wa kubaki naye na wa kwenda kutafuta msaada. Usijaribu kulipia safari kwa kubeba abiria huko. Huna leseni ya kufanya kazi hiyo Kampala, na wenye steji zao watakufikia kabla ya polisi.

Barabarani kuna machache tu ya kukumbuka. Kampala pitia barabara ya pembezoni ya kaskazini, kutoka Bweyogerere hadi Busega, na usiparamie ile ya haraka ya Entebbe, pikipiki haziruhusiwi. Tanzania, ukiona kibao cha 50 kijijini, ni 50 kweli. Askari wa trafiki yuko chini ya mwembe na kamera yake. Abiria wako naye avae helmeti. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita kando ya Serengeti, pale geti la Ndabaka, na wanyama hawasomi ramani, kwa hivyo pita mchana.

Na lugha. Kiswahili chetu cha Kisumu kina haraka na amri nyingi. Uganda kitakusaidia kwa kiasi, hata baada ya baraza lao la mawaziri kukikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Tanzania ndiko kitapimwa. Ukisema "nipe chai" mama lishe atakutazama kama umemtukana. Sema "naomba chai". Ofisa aliyekuzidi umri ni "shikamoo" kwanza, ndipo utoe karatasi. Si unyenyekevu wa uongo, ndivyo watu wanavyoongea kule, na mambo yako yatakwenda.

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na upande wa Bukoba mvua haina mzaha. Julai ni mwezi mzuri. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Julai, chanjo iwe imechomwa kabla ya Juni kuisha, barua ya kampuni iombwe Mei ili ipate muda wa kuzungushwa meza hadi meza, na pasipoti ishughulikiwe mapema zaidi ya hapo. Ofisi ya Uhamiaji iko Kisumu mjini. Nenda Jumanne au Jumatano, asubuhi, na ubebe kalamu yako.