Mahali Alipotibiwa Mgonjwa Paandikwe kwa Ukweli



Mizani ya uongo haipatikani sokoni peke yake. Siku hizi inapatikana pia juu ya meza ya karani wa hospitali. Tunapozungumza juu ya haki, mara nyingi macho yetu huwaelekea wakubwa wa serikali na wanyang'anyi wa ardhi. Leo tunaomba tuyaelekeze kwenye jambo linaloonekana dogo, lakini limebeba fedha nyingi na uhai wa wengi: je, fomu ya madai ya bima inataja kweli mahali mgonjwa alipotibiwa?

Bima ya afya hulipa kwa kuangalia huduma iliyotolewa na pia mahali ilipotolewa. Huko Marekani kila dai la daktari huandikwa namba ya mahali yenye tarakimu mbili: 11 ni ofisi ya daktari, 21 ni mgonjwa aliyelazwa hospitalini, 22 ni idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali, 23 ni chumba cha dharura. Kwa huduma nyingi, bima ya wazee iitwayo Medicare humlipa daktari zaidi anapotibu katika ofisi yake, kwa sababu hapo kodi ya nyumba, vifaa na wasaidizi ni juu yake. Akitibu hospitalini, gharama hizo ni za hospitali, nayo hulipwa kivyake. Basi daktari aliyetibu hospitalini akaandika 11, amelipwa gharama ambazo hakuzibeba. Hakugusa sanduku la mtu. Amebadili tarakimu mbili tu. Hata hivyo, ameiba.

Kwetu Kenya namba ni nyingine, lakini jaribu ni lile lile. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zina mfuko wake unaotegemea fedha za serikali. Huduma za hospitali hulipiwa na mfuko wa michango yetu sote. Mgonjwa wa nje ana malipo yake; aliyelazwa huhesabiwa kwa siku, na malipo ya siku hupanda kadiri ngazi ya hospitali inavyopanda. Kwa hiyo, anayebadili mahali amebadili bei.

Tuchukue mfano. Mama anamleta mtoto mwenye malaria saa tatu asubuhi. Mtoto anawekewa dripu, anapata nafuu, na saa tisa alasiri wanarudi nyumbani. Jioni, fomu inasema mtoto amelala wodini siku tatu. Mama hakutozwa hata senti, naye anaondoka akishukuru. Ni nani aliyeumia?

Aliyeumia ni muuza mboga ambaye, hata akiwa maskini, hudaiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Aliyeumia ni mwalimu na mlinzi wanaokatwa asilimia 2.75 ya mshahara wao. Aliyeumia ni mgonjwa wa figo au wa saratani anayeambiwa kwamba mfuko hautoshi. Tena mtoto mwenyewe ameumia, maana kumbukumbu zake sasa zinashuhudia ugonjwa mkali ambao hakuugua. Na penye kikomo cha siku au cha fedha kwa kila familia, siku za uongo hula haki ya siku za kweli.

Hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kusimamisha vituo kadhaa vya afya, na kati ya hila ilizozitaja ilikuwamo hii ya kuwageuza wagonjwa wa nje kuwa waliolazwa.

Wako wanaojitetea wakisema: "Mfuko unachelewa kutulipa, tunajifidia." Machungu hayo tunayafahamu. Hospitali nyingi za misheni zimedai malimbikizo ya NHIF kwa muda mrefu, huku wafanyakazi wakingoja mishahara na dawa zikipungua. Lakini deni hudaiwa kwa jina lake, waziwazi. Anayejifidia kwa uongo humwibia mchangiaji, si yule aliyechelewesha malipo. Tena hupoteza sauti ya kudai haki, kwa sababu kilio chake hakiaminiki tena. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Hakuwauliza kama biashara ilikuwa ngumu mwaka ule.

Hata hivyo, tusichanganye kosa na hila. Karani aliyechoka aweza kukosea ngazi au tarehe. Kosa husahihishwa mara linapoonekana, na fedha zilizozidi hurudishwa. Hila hujirudia, hufichwa, na aghalabu huagizwa na mkubwa. Kwa hiyo si haki karani mdogo afukuzwe peke yake huku aliyemwagiza akibaki ofisini.

Kwa serikali tunasema: lipeni kwa wakati, na mwelezeni kila anayekataliwa dai sababu za kukataliwa. Tena, kabla ya kukifunga kituo kizima, pimeni hatima ya wagonjwa ambao hawana kituo kingine karibu.

Kwa halmashauri za hospitali zetu: kila mwezi linganisheni madai na daftari la wodi. Idadi ya waliolazwa ikizidi idadi ya vitanda, ulizeni. Mlindeni mfanyakazi anayekataa kuandika uongo. Huyo ni shahidi wa imani kazini.

Kwa waamini wote: msitie saini wala kidole kabla ya kuelezwa kilichoandikwa. Ulizeni: "Je, mmeandika kwamba nimelazwa?" Swali hilo si utovu wa adabu. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wawasaidie wazee na wasiojua kusoma, wakiandamana nao inapowezekana.

Mwaka 1963, katika waraka wa Pacem in Terris, Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliitaja huduma ya tiba kati ya haki za binadamu. Haki hiyo hulindwa bungeni, na hulindwa vile vile na mkono wa karani anayeandika "mgonjwa wa nje" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tukianzia katika hospitali zenye msalaba juu ya lango, tutakuwa na uso wa kuwaambia wengine.