Mlinzi Huupa Mchezo Mgongo

Katika orodha ya washindi wa mashindano ya gofu ya jangwani, yanayochezwa Dubai katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mna mwaka mmoja usio na jina la mtu. Mwaka huo ni 1991. Leo twapenda kuwaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi wautazame mwaka huo pamoja nasi, kwa maana una habari inayotuhusu sisi tuvaao sare kuliko inavyowahusu wacheza gofu wenyewe.

Twajua kwamba wako watakaoshangaa. Gofu, watasema, ni mchezo wa wenye mali. Askari aliye zamu usiku kucha pale Kamenge au Kinama ana haja gani na habari za mabwana wanaotembea majanini huku wakibebewa mkoba wa fimbo zao? Swali hilo ni la haki, wala hatulikatai. Fedha zinazoshindaniwa huko hazitafika mfukoni mwa yeyote kati yetu. Hata hivyo, msomaji akituvumilia kidogo, ataona kwa nini tumekwenda mbali namna hiyo kutafuta funzo.

Zamani, waliotaka kucheza gofu katika nchi za Ghuba walicheza juu ya mchanga. Mahali pa majani walimwaga mafuta ili mchanga ushikamane na mpira uweze kubingirika. Kisha Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo, akatoa ardhi ya jangwa nje ya mji wa Dubai. Mmarekani Karl Litten akachora ramani ya uwanja, na mwaka 1988 klabu ya Emirates ikafunguliwa, majengo yake yakiwa na umbo la mahema ya mabedui. Uwanja wenyewe uliitwa Majlis, neno la Kiarabu ambalo sisi Waswahili tumelifanya majilisi, yaani baraza la watu kukutana. Ulikuwa uwanja wa kwanza wa majani matupu katika sehemu hiyo ya dunia. Majani hayo hayaishi kwa mvua. Huishi kwa maji yanayoletwa na mikono ya watu kila siku.

Yafaa tukumbuke hali ya Ghuba katika miaka hiyo. Tangu Septemba 1980 Irak na Iran zilikuwa zikipigana, na meli za mafuta zikishambuliwa baharini. Vita hivyo vilisimama Agosti 1988. Mwaka uliofuata, 1989, mashindano ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa yakafanyika, na Mwingereza Mark James akawa mshindi. Mwaka 1990 alishinda Eamonn Darcy wa Ireland. Mambo yakaonekana yametulia.

Lakini Agosti 1990 majeshi ya Irak yaliingia Kuwait, na Januari 1991 vita vikaanza tena katika Ghuba. Mashindano hayakufanyika. Uwanja ulikuwapo, mashimo yake 18 yalikuwapo, na hapana bomu lililoanguka juu yake. Hofu peke yake ilitosha kuufunga. Ndiyo maana mpaka leo ukisoma orodha ya washindi, unaruka kutoka 1990 hadi 1992.

Mwaka huo wa 1992 alishinda Mhispania Severiano Ballesteros, ambaye watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kumwona akishinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1978. Tangu hapo orodha haina pengo. Ernie Els wa Afrika Kusini alishinda mara tatu, mwaka 1994, 2002 na 2005. Tiger Woods wa Marekani alishinda mwaka 2006 na 2008. Mwaka 2009 kijana wa miaka 19 kutoka Ireland ya Kaskazini, Rory McIlroy, alipata hapo ushindi wake wa kwanza tangu awe mchezaji wa kulipwa. Akarudi kushinda mwaka 2015, 2023 na 2024. Twajiuliza: kijana kama huyo angekuwa amezaliwa mapema, na mwaka wake ukawa 1991, nani angelijua jina lake?

Hilo ndilo neno tunalotaka kulisema. Majina katika orodha ni ya wachezaji, lakini kukosekana kwa pengo ni kazi ya watu wengine wasioandikwa. Mlinzi akifanya kazi yake vizuri, hapana linalotokea, na jambo lisilotokea haliandikwi gazetini. Akishindwa, kila mtu huliona pengo.

Sisi wa Burundi hatuna haja ya kwenda Dubai kujua pengo ni kitu gani. Mwaka 1992, mwaka ule ule Ballesteros aliposhinda jangwani, tima yetu ya Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikashindwa na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Mji mzima wa Bujumbura uliamini kwamba mwaka mwingine kombe lingekuja. Mwaka ulipokuja, ukaja na Oktoba 21, 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye. Wala tusifichane: mikono iliyoufungua msiba ule ilikuwa ya watu waliovaa sare ya taifa. Vijana waliokuwa na miaka 15 siku hiyo walifikia utu uzima bila kuijua amani, na amri ya kutotoka nje usiku ilifutwa mwaka 2006 tu. Ni wachezaji wangapi walipotea katika pengo hilo? Hapana awezaye kuwahesabu, kwa kuwa hawakupata nafasi ya kujulikana.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mlinzi hulinda mchezo. Hapana budi tuulize pia: naye mlinzi, nani humlinda asikosee? Hapa gofu ina jambo moja la kutufundisha. Katika mpira wa miguu mwamuzi humfuata mchezaji kila hatua, akiwa na filimbi mdomoni. Katika gofu mchezaji aweza kuwa peke yake nyuma ya mti au kichuguu cha mchanga, na mpira wake ukasogea kwa kosa lake bila mtu kuona. Sheria yamtaka ajitaje mwenyewe na ajiongezee pigo. Mwaka 1925 Mmarekani Bobby Jones alifanya hivyo katika mashindano makubwa ya nchi yake, kwa kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, na mwishowe akakosa ubingwa. Watu walipomsifu alikataa sifa, akasema kwamba hiyo ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Ndugu askari, kizuizi cha barabarani saa nane za usiku ni mahali pasipo mwamuzi. Mwenye gari ana hofu, ofisa wako amelala, na bunduki iko begani mwako. Hapo ndipo ijulikanapo kama sheria tuliyoapa kuilinda imo ndani yetu ama iko katika karatasi tu. Jeshi letu la leo, lililoundwa kufuatana na Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 na mapatano yaliyofuata, likiwakusanya pamoja watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao, liliundwa ili jibu la usiku liwe sawa na jibu la mchana.

Wenzetu waliokwenda Somalia, ambako askari wa Burundi walianza kufika Desemba 2007, wanaweza kutusimulia habari ya uwanja mwingine. Uwanja mkubwa wa mpira wa Mogadishu ulikuwa kambi ya wapiganaji wa Al-Shabaab. Walipouhama mji mwaka 2011, ukawa kambi ya askari wa Umoja wa Afrika. Mwaka 2018 askari hao waliukabidhi kwa Wasomali, na mwaka 2020, baada ya kutengenezwa, ukafunguliwa tena kwa mpira. Twasema bila kusita kwamba siku ya kuukabidhi uwanja ule ina heshima sawa na siku ya kuutwaa. Askari huingia uwanjani ili wachezaji waweze kurudi. Akikaa humo daima, kazi yake haijakwisha.

Basi tuje nyumbani, kwa jambo dogo linaloonekana kila Jumapili. Katika uwanja wa Intwari, polisi anayeijua kazi yake husimama akiwaelekea watazamaji na kuupa mchezo mgongo. Watu huruka, hupiga kelele, hukumbatiana. Yeye hajui bao limefungwa na nani, na nyumbani mtoto wake akimwuliza, hana la kumweleza. Mwingine husahau zamu yake, akageuka kutazama mpira, kisha vurugu ikianza nyuma yake hushtuka na kupiga marungu ovyo, akimwumiza mzee aliyekuwa akitafuta njia ya kutokea. Wote wawili walikuwa na sare moja na mshahara mmoja.

Twawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo wamtambue yule wa kwanza. Wasimngojee afanye jambo la ajabu ndipo wamtaje mbele ya wenzake. Wamtaje kwa mechi iliyokwisha salama, kwa usiku uliopita bila mlio wa risasi, kwa dereva aliyepita kizuizini bila kuombwa kitu. Nasi tulio zamu tukubali kwamba jina letu halitaandikwa katika orodha yoyote ya washindi. Ikiwa wajukuu wetu wataisoma orodha ya mabingwa wa Burundi mwaka kwa mwaka, bila kuruka hata mmoja, hiyo yatosha kuwa sahihi yetu.