Krimu ya Kikorea na ahadi ya siku saba

Wadau, kuna jambo linanikera. Siku hizi tangazo la krimu halisubiri gazeti wala redio. Linakufuata kwenye simu, uwe Kariakoo au huku Rubafu, ziwani kabisa: "Ya Kikorea halisi, inang'arisha ndani ya siku saba!" Maandishi ya kwenye boksi wewe huyaelewi, na anayekuuzia hayaelewi. Mnabaki wawili mnaamini picha.

Cha ajabu, Korea Kusini kwenyewe neno "kung'arisha" haliandikwi kiholela. Sheria yao ya vipodozi ilitenganishwa na ile ya dawa, ikaanza kutumika mwaka 2000. Kipodozi kinachodai kung'arisha ngozi, kupunguza makunyanzi au kukinga jua kiko kundi la peke yake, na mamlaka inalipitia dai hilo kwanza. Sisi tumenunua jina la Korea, masharti yake tukayaacha kulekule.

Hapa kwetu sheria ya mwaka 2003 iliwapa TFDA kazi ya vipodozi. Mwaka 2019 kazi hiyo ikahamia TBS, na TFDA ikawa TMDA. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku. Mara kwa mara katoni zinateketezwa, picha zinapigwa, kisha mzigo unarudi. Kwa nini? Kwa sababu tunachoma krimu, tunaiacha ahadi inatembea mitaani. Aliyeahidiwa weupe atautafuta tu: akiukosa dukani ataufuata ng'ambo ya Mutukula, au ataishia saluni kwenye kopo la mkorogo.

Msiniambie kila mtu na ngozi yake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wa figo, wengi wao wakiwa watumiaji wa krimu za zebaki. Zebaki hiyo ukiioga haipotei. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki. Kwa hiyo sisi tunaokula sato na sangara tunahusika, hata kama hatujawahi kupaka kitu zaidi ya mafuta ya mgando. Ndiyo maana nchi za Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki, kikomo kikiwa 2025.

Najua wauzaji wengi wa mtandaoni ni vijana wenzetu waliokosa ajira. Sitaki wakimbizwe wao kwanza. Abanwe muagizaji: anayedai krimu yake inang'arisha alete ushahidi kabla ya kontena kufunguliwa, aandike lebo kwa Kiswahili, na namba ya usajili ionekane kwenye kila tangazo, hata la simu. Asiye na namba, tangazo lishushwe.

Bila hivyo tutaendelea kuchoma katoni huku figo zikiendelea kuharibika.

Nawasilisha. Wewe unasemaje?