Hata Ibada Ina Kiasi Chake

Mama auzaye mahindi sokoni Nyacheki hapimi kwa kukisia. Huijaza gorogoro, akaitikisa, ndipo akamimina. Akipunguza, amemdhulumu mnunuzi. Akizidisha, amewadhulumu watoto wake mwenyewe. Hicho ndicho kiasi. Na neno hilo hilo ndilo lililotumiwa katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyochapishwa mwaka wa 1952, kuitaja sifa ya mwisho ya tunda la Roho katika Waraka kwa Wagalatia.

Kwetu sisi watu wa Gusii neno hili si geni. Wamishonari wa Kiadventista waliofika huku kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walilihubiri pamoja na Sabato, na hadi leo wengi wetu tusikiapo mahubiri ya kiasi hufikiria pombe na tumbako. Mafundisho hayo ni mema, na nyumba nyingi zimeokoka kwayo. Hoja yangu ni kwamba tumeyashika nusu. Tumejifunza kujizuia na maovu, lakini hatujajifunza kwamba hata jambo jema, ikiwemo ibada yenyewe, lahitaji kiasi.

Nakiri kosa langu. Nilikuwa mlezi wa chama cha wanafunzi Wakristo katika shule moja. Majuma mawili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi waliniomba ruhusa ya kufunga siku tatu na kukesha usiku. Niliwasifu kwa imani yao, nisiulize ni nani mwenye vidonda vya tumbo wala ni nani aliyekuja shuleni akiwa dhaifu. Siku ya tatu msichana mmoja alianguka darasani. Alipozinduka katika zahanati hakulia kwa maumivu. Alilia kwa kuwa alikuwa amenyweshwa maji kabla ya saa ya kufungua, akaamini kwamba Mungu atamwangusha mtihani. Hofu hiyo alijifunza kwangu.

Hofu ya namna hiyo ikiachwa ikue, mwisho wake tumeuona. Kuanzia mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wadogo, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Inadaiwa kwamba waliambiwa wafunge ili wakutane na Yesu. Simlinganishi mwanafunzi afungaye siku tatu na maafa hayo. Nasema tu kwamba mtu akishaamini kuwa njaa ndiyo kipimo cha imani, hana tena mahali pa kusimama.

Maandiko yenyewe yana busara kutushinda. Eliya alipochoka jangwani akaomba afe, malaika hakumhubiria wala hakumwongezea kesha. Alimwandalia mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

Wako watakaosema kwamba haya ni mafundisho ya uvuguvugu. La hasha! Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya kujizuia, alitoa mfano wa wanariadha. Na ni Mkenya gani asiyejua kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu atokaye kwa pupa hupitwa na wenzake kabla ya kufika mwisho? Anayepima hatua zake hajapungukiwa na bidii; ameitunza imfikishe.

Walimu wenzangu, tusimruhusu mwanafunzi kufunga kabla mzazi wake hajajua na kabla hatujaijua afya yake, wala tusiruhusu makesha katika majuma ya mtihani. Nanyi wanafunzi, ikiwa mwataka funga iliyo ngumu, ipo. Jizuieni msimtukane aliyewatukana. Jizuieni msiipokee karatasi ya mtihani iliyoibwa, hata kama darasa zima limeipokea. Funga hiyo haimwangushi mtu darasani, nayo haina saa ya kufungua.