El-Nino: Bahari ya Mbali, Maji Mlangoni Petu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa, kuhara, lishe na malezi. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya bahari. Msishangae. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunajua kwamba magonjwa mengi yanayojaza wodi ya watoto hufuata mvua kubwa, na mvua hizo mara nyingi huanzia baharini, tena mbali sana na kwetu.

Jina la El-Nino limezoeleka vinywani mwetu tangu zile mvua za mwaka 1997 na 1998. Siku hizi mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, utasikia watu sokoni wakisema, "Hiyo El-Nino imekuja." Wengine husema ni adhabu, wengine husema ni kazi ya Shetani. Yafaa tujue ni kitu gani hasa, maana anayekijua kitu hujiandaa nacho, lakini asiyekijua hubaki na hofu tu.

Jina lilitoka wapi?

Waliotupa jina hili ni wavuvi wa pwani ya Peru, huko Amerika ya Kusini. Maji ya pwani yao kwa kawaida ni ya baridi, na yamejaa samaki wadogo mfano wa dagaa wetu. Wavuvi hao waliona kwamba kila inapokaribia Krismasi maji hupata joto kidogo, na kwamba miaka mingine joto hilo huzidi, likakaa miezi mingi, na samaki wakatoweka. Kwa kuwa jambo hilo lilikuja wakati wa Krismasi, waliliita kwa Kihispania "Mtoto wa kiume", yaani Mtoto Yesu. Basi, akina mama, jina lenyewe halina ushetani wowote ndani yake.

Inavyotokea

Kwa kawaida, juu ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, pepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Kila mama anajua jinsi tunavyopoza uji wa mtoto. Ukipuliza kikombe, utando wa juu hukimbilia upande wa pili. Pepo zile nazo hufanya vivyo hivyo. Huyasukuma maji ya moto yaliyo juu hadi upande wa Indonesia na Australia, hata bahari ya huko ikawa juu kuliko ya upande wa Peru kwa karibu nusu mita. Upande wa Peru, maji ya baridi hupanda kutoka chini kujaza nafasi iliyoachwa, nayo huja na chakula cha samaki. Na pale penye maji ya moto, mvuke hupanda kwa wingi kama kwenye sufuria iliyofunuliwa, mawingu hujengeka na mvua hunyesha.

Mwaka wa El-Nino pepo hizo hulegea. Maji ya moto huanza kurudi mashariki, na mawingu huyafuata. Hapo Peru na Ekwado, nchi zilizozoea pwani kavu, hupata mafuriko, na Indonesia na Australia hukosa mvua. Jambo hili hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7, na kwa kawaida hukaa miezi 9 hadi 12.

Wataalamu huanza kuliangalia kwa makini pale joto la maji ya katikati ya Pasifiki linapozidi wastani wake kwa nusu nyuzi ya Selsiasi. Huenda mama akauliza, nusu nyuzi ni nini? Mtoto akitoka nyuzi 37 akafika 37.5 hatukimbilii hospitali. Lakini bahari ile ni kubwa kuliko mabara yote yakiwekwa pamoja, na nusu nyuzi katika maji mengi kiasi hicho ni joto la kutosha kubadili njia za mvua duniani.

Wanadamu walichukua muda mrefu kulielewa jambo hili. Mwaka 1899 mvua za India zilikosekana, na watu wengi sana wakafa kwa njaa. Mwingereza Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia mwaka 1904, alitafuta njia ya kujua mapema kama mvua zitakosekana. Aligundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande mmoja wa Pasifiki, hushuka upande wa pili, kama sahani mbili za mizani. Lakini alikuwa Jacob Bjerknes, mwaka 1969, aliyeonyesha kwamba mizani hiyo ya hewa na joto la maji ya wavuvi wa Peru ni jambo moja.

Dada wawili, msiba mmoja

Mwaka 1997, kwa sababu ya ukame, misitu ya Indonesia iliyochomwa moto haikuzimika, na moshi wake ukafika Malaysia na Singapore, watu wakaugua vifua. Mwaka 1998 matumbawe ya bahari nyingi yalipauka kwa joto na mengi yakafa, pamoja na ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambayo ni nyumba ya samaki tunaowapikia watoto. Mwaka 2015 na 2016 Ethiopia ilipata ukame mkali, watu karibu milioni 10 wakahitaji msaada wa chakula. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yalizikumba Kenya, Somalia na Ethiopia, na tarehe 3 Desemba maporomoko ya matope yaliangukia mji wa Katesh chini ya Mlima Hanang, Tanzania. Miezi michache baadaye, mwaka 2024, Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza maafa ya kitaifa kwa sababu mahindi yamekauka mashambani. Mama wa Katesh alililia nyumba iliyozolewa na matope wakati dada yake wa Zambia alililia tone la mvua. Msimu ulikuwa mmoja.

Hata hivyo tusiibebeshe El-Nino kila kosa. Bahari yetu wenyewe, Bahari ya Hindi, nayo ina mizani yake. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi. Mwaka 1997 mizani zote mbili zililemea kwetu, ndiyo maana yakatupata yale yaliyotupata. Mwaka 2015 El-Nino ilikuwa kali sana, lakini kwetu mafuriko hayakufikia yale ya 1997, kwa kuwa Bahari ya Hindi haikulemea kiasi kile. Mwaka 2019 ikawa kinyume: Pasifiki ilitulia, Bahari ya Hindi ikachemka, na mafuriko yakaja. Tena mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yalitokea mwaka ambao hakukuwa na El-Nino kabisa.

Yupo pia La Nina, "Mtoto wa kike". Pepo zikizidi nguvu badala ya kulegea, Pasifiki ya mashariki hupoa, na kwetu mara nyingi vuli hupungua. Kati ya mwaka 2020 na 2022 La Nina ilirudi mwaka baada ya mwaka, na Somalia, kusini mwa Ethiopia na sehemu za Kenya zikakosa misimu mitano ya mvua mfululizo.

Magonjwa yanayofuata maji

Maji ya mafuriko hufunika vyoo na visima pamoja, kisha vyote vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana mvua za 1997 na 1998 zilifuatwa na kipindupindu katika nchi zetu.

Malaria nayo huweza kupanda hadi mahali ambapo watu hawajaizoea. Mwaka 1998 iliwapiga vibaya watu wa Wajir, nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, na nyanda za juu za kusini magharibi mwa Uganda. Lakini katika milima ya Usambara, Tanzania, mvua zile zile zilifuatwa na malaria pungufu kuliko mwaka uliotangulia, huenda kwa sababu maji mengi yalizoa viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo kila mahali pachunguzwe kwa hali yake.

Wafugaji wana adui mwingine, homa ya Bonde la Ufa. Mbu wanaoieneza hutaga mayai katika udongo wa mabonde, na mayai hayo huweza kukaa katika ukavu miaka mingi yakisubiri mafuriko. Maji yakifika, mbu huanguliwa, ng'ombe, kondoo na mbuzi hutupa mimba, kisha watu huugua kwa kushika damu na nyama ya mifugo hiyo. Ilitokea mwaka 1997 hadi 1998 kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia, na tena mwaka 2006 hadi 2007. Mara hiyo ya pili wataalamu waliotazama joto la bahari na picha za setilaiti walitoa onyo wiki kadhaa kabla watu hawajaanza kuugua. Maana yake ni kwamba onyo laweza kuja mapema. Tatizo ni nani atalisikia, na akilisikia atafanya nini.

Mama afanye nini?

Utabiri wa vuli hutolewa kabla ya mwezi wa Oktoba na mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu. Ukisikia redioni kwamba mvua zitazidi, usingoje wingu.

Chimba mifereji kuzunguka nyumba na uzibue iliyoziba. Inua mdomo wa kisima, na choo kilicho bondeni kihamishwe mahali pa juu mapema. Weka akiba ya chakula mahali palipoinuka. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, kisha yafunike. Kila mtu alale ndani ya chandarua.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi za pakiti yaliyochanganywa na lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazisha. Endelea kumnyonyesha. Macho yakidumbukia, akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali mara moja.

Wafugaji, mnyama aliyetupa mimba au aliyekufa asichinjwe wala kuliwa. Nyama iive kabisa na maziwa yachemshwe.

Kadi za kliniki na dawa za kila siku, ziwe za UKIMWI, kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu au kifafa, zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, tayari kubebwa. Na mama mjamzito aliye ng'ambo ya mto, miezi yake ikikaribia, aende akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali kabla daraja halijakatika. Usivuke maji yanayokwenda kasi. Hata yakiwa ya magotini huweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mwenye mtoto mgongoni.

Kuomba na kuhama

Sasa tuseme jambo moja ambalo akina mama wengi hutuuliza. Je, mtu wa imani akihama bondeni kwa sababu ya utabiri wa redio, amekosa imani? Sisi tunasema hapana. Yusufu alipojua kwamba njaa inakuja Misri, hakukaa kulia. Alishauri sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe akiba miaka yote ya shibe, na kwa akiba hiyo hata ndugu zake waliomuuza wakapata kula. Onyo lilikuwa neema ya Mungu, na kujenga maghala kulikuwa utii.

Lakini tusiishie kuwaambia wenzetu, "Hameni mabondeni." Mama anayeuza mboga na kulea watoto wanne peke yake hakupanga bondeni kwa kuwa hajui hatari ya mto. Alipanga pale kwa sababu ndipo kodi anayoiweza ilipo. Ukimwambia ahame usimwonyeshe pa kwenda, umemwongezea mzigo tu. Basi vikundi vyetu vya akina mama vikae pamoja kabla ya vuli na kuhesabu: katika mtaa wetu nani anakaa bondeni, nani ni mjamzito, nani ni mzee asiyeweza kutembea, nani ana mtoto mlemavu? Nani kati yetu ana chumba au hata ukumbi wa kulaza familia siku chache? Ufunguo wa jengo la kanisa uko kwa nani usiku wa manane? Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari, na kila jina la aliye hatarini liwe na jina la atakayekwenda kumgongea mlango.

El-Nino yenyewe imekuwapo tangu zamani, lakini siku hizi inakuta dunia ambayo tayari ina joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyotangulia tangu vipimo vianze. Hatuwezi kuzishika pepo za Pasifiki, wala hatukuombwa kufanya hivyo. Tulichopewa ni jirani aliye bondeni na miezi michache ya kujiandaa.

Tukutane tena mwezi ujao. Mungu azilinde nyumba zenu na watoto wenu.